Saa Tatu za Kivuli

Julai, Umoja. Baridi imeingia mpaka ndani ya sindano.
Nafuma sweta za shule, kijani kilichokolea,
mistari miwili ya njano shingoni,
na mashine inakohoa kama mpangaji wa chumba cha juu.
Saa kumi na moja jioni simu inatetemeka juu ya bonge la uzi.
Ni Nthenya. Kwake ni saa nne asubuhi
na meli imefungwa kamba.

"Dada, huku ni moto," anasema,
"moto wa kufungua tanuri uone kama mkate umeiva."
Mimi siuoni moto. Naona pua yake, kisha anga,
kisha kofia elfu mbili zikishuka ngazini
kama mchele unaomiminwa kwenye sinia.
Wao wana siku nzima. Yeye ana saa tatu,
tangu kitambulisho kilipolia mlangoni
hadi kitakapolia tena.

Kisiwa kina jina. Amenitajia mara mbili
na mara mbili nimesikia vitu tofauti.
"Sema tu bandari ya Jumatano.
Alhamisi ni maji matupu."

Ananitembeza. Duka la saa. Duka la almasi.
Duka la saa tena, mwenyewe kasimama mlangoni na tai,
akitoka jasho kwa adabu.
Wazee wa kizungu wamekuwa rangi ya nyanya za Mutindwa.
Nani hulipa pesa zote hizo apande meli
ili ateremke, anunue kofia, apande tena?
Nilidhani atacheka.
"Mimi nawatandikia," alisema. "Siwaulizi."

Nikamwambia: nionyeshe nyuma, pale rangi zinapoishia.
Akapinda kona moja, ya pili,
nikaona mabati, nguo kwenye kamba,
mtungi wa maji wa buluu, kuku mwenye haraka zake,
na chini ya turubai mama mmoja akisuka nywele,
kiti chake cha plastiki kimevunjika mguu, kimefungwa waya.
"Nthenya," nikasema, "umerudi Umoja kwa miguu?"

Mama yule ana foleni: wasichana watatu weupe
wanaotaka kurudi melini na shanga kichwani.
Anatazama saa, anatazama foleni,
anafyonza, mfyonzo ule ule wa mama yetu.
Basi Nthenya, aliyesuka mtaani hapa miaka minne
kabla ya wakala, kabla ya mkopo wa wakala,
akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta,
akavuta kibao, akaketi, akagawanya nywele.

Hapo ndipo nilipoiona mikono.

Miezi saba, kila akipiga, huwa ni uso tu,
uso na rangi ya mdomo,
na nyuma yake taulo aliyoikunja ikawa ndovu.
Mikono imepasuka kama udongo wa Kitui mwezi wa tisa.
Kucha za gumba zimeliwa na dawa ya choo.
Lakini ilisuka. Lo, ilisuka!
Mistari ilinyooka kuliko barabara yoyote
tuliyoahidiwa na mheshimiwa wetu.
Sikusema kitu. Nilijifanya mtandao umekatika,
nikaziba kamera kwa uzi wa kijani,
nikakaa hivyo mpaka koo likafunguka.

Malipo: noti moja na kipande cha muwa.
Akautafuna mbele yangu, maji yakimchuruzika kidevuni.
"Huko baridi?"
"Sana."
"Nitumie kidogo."
Honi ikalia. Ililia hata humu chumbani,
mpangaji wa juu akagonga sakafu.
Akaniachia picha ya mwisho bila kujua:
kisigino, lami, jua.

Sasa ni saa mbili usiku. Stima imebaki uniti nne.
Sweta ya mtoto wa darasa la tatu iko mezani.
Mkono mmoja umezidi, nilihesabu vibaya,
umepita pale vidole vinapoishia.
Nilishika uzi nifumue.
Nikauacha.